Kumwagilia kidogo kila jioni hakuokoi mahindi

Kila Februari mvua ikikata hapa Dodoma, naulizwa swali lile lile: "Bwana shamba, nimenunua pampu, namwagilia kidogo kidogo kila jioni, mbona mahindi yanasinyaa?"

Yanasinyaa kwa sababu maji hayafiki kwenye mizizi! Chukua jembe, chimba kati ya mistari asubuhi baada ya kumwagilia. Utakuta udongo umelowa kina cha kidole, chini yake vumbi. Piga hesabu: milimita moja ya maji kwenye ekari ni lita 4,000 hivi. Simtanki la lita 5,000 ukilitawanya ekari nzima halifiki hata milimita moja na nusu, na jua la hapa hunyonya milimita tano hivi kwa siku. Petroli imeungua bure.

Mahindi huumia zaidi yanapotoa mbelewele (lile shada la juu lenye chavua) na nywele. Yakipata kiu siku hizo, nywele huchelewa kutoka, chavua inakuwa imeshamwagika, nawe unavuna magunzi yenye mapengo. Kwa hiyo tunza maji yako kwa wiki mbili kabla ya hapo na wiki mbili baada. Lowesha mpaka kwenye mizizi, halafu pumzisha shamba siku kadhaa. Kama maji yanatosha robo ekari, panda mahindi robo ekari tu, kwingine kote weka mtama au uwele. Nimelisema hili kila msimu na sitaacha kulisema.

Wengine huniambia: "Mtama hautaki maji." Unayataka sana, ila unavumilia. Ukikosa maji hukunja majani na kusimama, mvua ikirudi huendelea. Ukiumwagilia unapotunga masuke, magunia huongezeka. Wengi hulinganisha mahindi ya pampu na mtama wa mvua tupu, kisha wanaudharau mtama. Yape yote mawili maji sawa, ndipo upime.

Wengine husema: "Mbolea huunguza shamba kavu." Samadi iliyooza vizuri, ikiwekwa kwenye shimo la kupandia, haiunguzi, husaidia udongo kushika maji. Ya dukani subiri udongo uwe na unyevu.

Na kabla ya pampu, funga matuta: weka vizuizi vya udongo kati ya tuta na tuta, kila baada ya hatua mbili hivi, ili mvua ya Desemba isikimbilie korongoni. Kazi hiyo ni ya Novemba, na inataka jembe tu.