Pothosi haisafishi hewa ya chumba

Wengi huamini kwamba pothosi, ule mmea wa ndani unaoning'iniza majani ya umbo la moyo, husafisha hewa kama mti wa kivuli. Imani hiyo ilipata nguvu kutokana na utafiti wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, wa mwaka 1989. Lakini mimea ya utafiti huo ilifungiwa ndani ya masanduku yasiyopitisha hewa. Chumba halisi hupumua: hewa huingia na kutoka kwenye milango, madirisha na hata nyufa, na huondoa kemikali upesi kuliko majani. Uchambuzi wa 2019 ulikadiria kwamba ili kufikia kasi hiyo ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba. Fungua dirisha tu.

Na mti wa kivuli kama mkrismasi, ule wa maua mekundu, una kazi nyingine: mwavuli wake huzuia jua lisipige ukuta, na majani hutoa mvuke unaopoza hewa. Ila mizizi yake hutambaa juujuu na kupasua sakafu. Usiupande karibu mno na nyumba.

Pothosi ifugwe kwa uzuri wake. Mwagilia pale udongo wa juu unapokauka sentimita 2 au 3; majani ya manjano yenye shina laini mara nyingi ni dalili ya mizizi iliyooza kwa maji. Watoto wasiitafune, huwasha mdomo.