Kapasita inayovuja kwenye amplifaya ya vali: maana yake na jinsi fundi anavyoikamata

Kapasita inayovuja ni ile iliyoanza kupitisha umeme ambao kazi yake ilikuwa kuuzuia. Hakuna majimaji yanayodondoka, wala si lazima iwe imevimba au kupasuka. Kwa nje inaweza kuonekana nzima kabisa, na ukiipima kwa mita ikakupa namba ileile iliyoandikwa ubavuni. Lakini ndani kuna upenyo ambao umeme mnyoofu, yaani ule usiobadilika kama wa betri, unapita kidogokidogo. Kwenye redio ya transista kiasi hicho pengine usingekijua. Kwenye amplifaya ya vali, yaani yenye zile chupa za kioo zinazokuza sauti, kinatosha kuunguza vali, na vali ikiachwa iendelee kuungua, transfoma ya sauti, ile iliyo kati ya vali na spika, nayo inafuata.

Ili kuelewa kwa nini, tazama kapasita moja tu, ile inayokaa kati ya vali ndogo ya kukuza sauti na vali kubwa ya mwisho inayosukuma spika. Mafundi huiita kapling. Upande mmoja imeshikana na anodi ya vali ndogo, yaani bati linalopokea elektroni, ambako kuna volti 100, 200 au zaidi kutegemea saketi. Upande wa pili imeshikana na gridi ya vali kubwa, ambayo inatakiwa ikae kwenye sifuri au chini ya sifuri. Sauti yenyewe ni umeme unaopanda na kushuka mara mamia au maelfu kwa sekunde, na huo kapasita huupitisha bila taabu. Zile volti 200 zilizotulia ndizo zinazopaswa kukwama hapo.

Gridi ya vali hufanya kazi kama koki. Ikiwa hasi kuliko kathodi, inabana elektroni zinazotoka kathodi kwenda anodi, na kiasi hicho cha kubana wakati hakuna sauti ndicho mafundi wanakiita bayasi. Chukua vali ya EL84, maarufu sana tangu miaka ya 1950, iliyo ndani ya Leak Stereo 20 na Vox AC30 ya wapiga gitaa. Kwa volti 250 kwenye anodi, kitabu cha vali hiyo kinataka gridi iwe hasi kama volti 7.3 kuliko kathodi, nayo anodi ipitishe miliampea 48. Hapo vali inatoa joto la wati 12, ambao ndio upeo wake. Haina nafasi ya ziada.

Sasa piga hesabu. Gridi hufungwa kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma inayohesabiwa kuwa sifuri, kwa rezista kubwa (kipande kinachokinza mkondo), tuseme kiloomu 470, yaani omu 470,000. Kapasita iliyo mbele yake imezeeka na inavuja kana kwamba ni rezista ya omu milioni 10. Hiyo inasikika kama kinga ya kutosha, na mita za bei ya chini zenye kikomo cha omu milioni 2 zitakuonyesha kwamba hakuna kitu. Lakini ukiwa na volti 200 upande wa anodi, kwenye gridi zitatua karibu volti 9. Bayasi ilikuwa 7.3! Kweli, rezista ya kathodi, ile iliyo kati ya kathodi na chesisi, itajaribu kuirudisha vali kwenye mstari, kwa kuwa mkondo ukiongezeka kathodi nayo inapanda. Inasaidia, ila haitoshi. Vali inaishia kubeba mzigo unaokaribia maradufu ya upeo wake, hata kama hakuna wimbo unaopigwa.

Dalili zake mwenye amplifaya huzijua vizuri kuliko anavyozieleza. Ikiwashwa inaimba safi, baada ya robo saa sauti inaanza kukwaruza. Mngurumo wa stima unaongezeka. Transfoma inatoa harufu ya vanishi iliyopata moto. Ukizima taa za chumba na kuchungulia ndani ya kioo cha vali, unaona bati la kijivu la anodi limeiva wekundu hafifu ubavuni. Huo si ule mwanga wa rangi ya machungwa katikati, ambao ni wa kawaida kwa sababu ndio hita inayopasha kathodi moto. Bati likiiva, zima mara moja, usingoje wimbo uishe.

Hapa ndipo mteja na fundi hupishana. Mzee analeta radiogramu ya Philips iliyokaa stoo Makadara tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi, na anachotaka ni kimoja: "Fundi, niwekee tu vali mpya, hii imechoka." Fundi mwenye uzoefu atamjibu, "Mzee wangu, nikikuwekea vali bila kugusa hii kapasita, hiyo mpya nayo itaungua, na utadhani nimekuibia." Yuko sahihi, na mpangilio wa gharama unamuunga mkono. Kapasita ni ya bei rahisi kuliko vali na transfoma. Vali inabidi itafutwe au iagizwe nje. Transfoma ya sauti ikiungua ni shughuli nyingine kabisa. Mafundi wa kufunga upya waya za mota tunao mjini, lakini transfoma ya sauti ina matabaka ya waya yaliyopishanishwa kwa mpango maalumu, na asiyeujua atakurudishia chuma kinachounguruma na kumeza sauti nyembamba.

Kwa nini zinavuja? Za zamani nyingi zimetengenezwa kwa ukanda wa karatasi kati ya mikanda miwili ya foili, vikakunjwa pamoja na kulowekwa nta au mafuta. Karatasi hunyonya unyevu. Nta ikishapasuka miisho, au ganda likiingia ufa kama ilivyo kawaida kwa zile za Hunts za Uingereza, hewa yenye unyevu inaingia na karatasi inapoteza uwezo wa kuzuia. Kukaa Nairobi hakukuokoi. Kweli, hewa yetu si ya Mombasa, lakini stoo yenye paa linalovuja msimu wa masika inatosha, na miaka 60 ni miaka 60.

Kipimo chake ni rahisi, ila kinafanywa stima ikiwa inapita, kwa hiyo kama hujawahi kufanya kazi kwenye volti 300, mwachie aliyezoea. Hata amplifaya ikiwa imezimwa na kuchomolewa ukutani, kapasita za kuchuja umeme zinaweza kubaki na volti mamia kwa muda. Zimalize kupitia rezista, kisha uhakikishe kwa mita. Ile tabia ya kuzigusisha kwa bisibisi mpaka zilipuke cheche inatia wanafunzi hofu na kuumiza kapasita, haina sifa nyingine. Kuna pia redio za vali zisizo na transfoma ya stima, ambazo chesisi yake imeunganishwa moja kwa moja na waya wa ukutani. Hizo zinahitaji transfoma ya kutenganisha kabla hujafungua chochote.

Njia ya kwanza ni kuchomoa vali kubwa, kuwasha, na kupima volti kwenye pini ya gridi ya soketi kwa mita ya dijitali. Kama bayasi ya amplifaya hiyo inatoka kwenye rezista ya kathodi, hapo panatakiwa sifuri. Ukikuta volti 2, 5 au 9 chanya, umeme huo kwa kawaida umefika hapo kupitia kapasita. Njia ya pili ni kuifungua lehemu ncha ya kapasita iliyo upande wa gridi na kupima kati ya ncha hiyo inayoning'inia na chesisi. Mita nyingi za dijitali zina ukinzani wa omu milioni 10 ndani yake, kwa hiyo mita yenyewe ndiyo inageuka kuwa rezista ya gridi iliyo kubwa zaidi. Kapasita nzima itaruka mara moja, halafu namba zishuke kuelekea sifuri. Inayovuja itasimama kwenye volti kadhaa na kukaa hapohapo. Kuipima ikiwa mezani kwa kipimo cha omu hakusaidii sana, kwa kuwa mita hutumia volti chache tu, na kuvuja huku kunajitokeza kapasita inapobebeshwa mamia.

Wapo wanaosema amplifaya ya zamani ikifunguliwa, kapasita zote zitupwe. Mimi sikubali. Za karatasi, ndiyo, zitoke bila mjadala, hata ikipimwa moja ikaonekana nzima, kwa sababu wenzake wameshaonyesha njia. Lakini zile za poliesta za Mullard zenye rangi ya haradali, za miaka ya 1960, kwa kawaida bado ni imara, na za maika pia. Kuzing'oa ni kupasha moto viungo vilivyokaa salama miaka yote hiyo. Za elektroliti ni habari tofauti: hizo huvuja kidogo hata zikiwa mpya, na zikikaa miaka bila stima, tabaka lao la ndani la oksidi hudhoofika. Baadhi huamka zikipandishiwa volti polepole. Ndiyo maana fundi makini huwasha mara ya kwanza kupitia balbu ya waya ya wati 60 au 100 iliyofungwa kwenye njia ya stima. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna kinachokula umeme kupita kiasi. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii.

Kupata ya kubadilishia si shida ukitembea Luthuli Avenue, mradi usome maandishi. 104 ni mikrofaradi 0.1, 473 ni 0.047, na 223 ni 0.022. Namba ya kuangalia kwa makini zaidi ni volti. Usipewe ya 100 ati kwa sababu thamani inalingana. Tafuta ya 400 au, bora zaidi, 630, ya poliesta au polipropilini. Hata mabodi ya televisheni zile za mgongo mkubwa yana kapasita za polipropilini za volti nyingi, na mafundi wa jua kali wamezing'oa humo kwa miaka.

Ukishalehemu mpya na kurudisha vali, pima volti kwenye rezista ya kathodi. Kwa EL84 yenye rezista ya omu 135, volti 7 hivi ni sawa. Iache iwake nusu saa ipate moto vizuri, kisha pima tena. Namba ikipanda polepole, rudi kwenye gridi ukapime vali ikiwa ndani, halafu ikiwa imechomolewa. Volti chanya zinazoonekana vali ikiwepo na kutoweka ikitolewa hazitoki kwenye kapasita. Kosa liko ndani ya vali yenyewe, mara nyingi gesi ndani ya kioo chake, na hiyo haina matengenezo.