Shimo la changarawe hupangwa kuanzia mwisho

Mtu akiniita nimtazamie eneo la kuchimba changarawe, huwa simuulizi kwanza tabaka lina mita ngapi. Namuuliza: ukimaliza hapa, pawe nini? Shamba, malisho, msitu au bwawa? Wengi huona narukia mambo ya mbele. Ila jibu hilo ndilo linaloamua uchimbe kina gani na udongo uurundike wapi.

Hesabu yenyewe haina huruma. Changarawe ikishapanda tipa hairudi. Kama ilikuwa na unene wa mita 6, na juu yake pana udongo wa mita 1, huwezi kulijaza shimo kwa ulichonacho. Ardhi itabaki chini kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo anayetaka shamba aache sakafu juu ya kiwango cha maji ya ardhini, tena kile cha msimu wa mvua. Aliyepima kiangazi tu atalima ziwa.

Panapoharibika zaidi ni kwenye udongo wa juu, ule wenye rangi nzito na mizizi. Mara nyingi hauzidi sentimita 30, na ndio wenye sehemu kubwa ya uhai. Uondolewe peke yake kabla ya kifusi cha chini, yaani udongo ulio kati yake na changarawe, urundikwe kando, usizidi mita 2 kwenda juu, kisha upandwe nyasi mvua isije ikausomba. Rundo refu hukosa hewa ndani, na likikaa miaka linakuwa udongo wa jina tu. Usiuguse ukiwa umelowa. Chukua donge, ulisokote kwa viganja: likitoka kama kamba nyembamba isiyokatika, dereva wa tingatinga azime mashine. Udongo uliokandamizwa ukiwa mbichi hugeuka kama tofali, na mbolea hailegezi hilo.

Mimi hupendelea kurundika kidogo iwezekanavyo. Gawa eneo vipande. Udongo unaofunuliwa kipande cha tatu unakwenda moja kwa moja kufunika cha kwanza kilichokwisha. Unahamishwa mara moja badala ya mbili, na dizeli inapungua.

Kabla ya kuutandaza, chimbua sakafu kwa meno ya tingatinga, sentimita 50 hivi, maana tipa zimeishindilia kuliko barabara. Rudisha kifusi kwanza, udongo wa juu umalizie. Kuta zilazwe: mita 1 ya kimo kwa mita 3 za kwenda mbele, mtu na mnyama wapande bila kuporomoka. Likiwa bwawa, acha ukingo wa kina kifupi kabla ya kuzama. Anayeteleza aweze kusimama.

Fedha za kazi hii zikatwe kwenye kila tipa inayouzwa tangu mwanzo. Changarawe ikiisha, mapato yameisha, na mashine ya kukodi haikubali ahadi.