Kabla hujahamia Chanika, pima safari ya Jumatatu

Watu wanaotaka kuhama hapa Dar es Salaam huniuliza kwanza umbali: kutoka Chanika hadi Kariakoo ni kilomita ngapi? Kazi yangu ni kupanga usafiri wa mijini, na kilomita ndicho kitu cha mwisho ninachokiangalia. Mimi naanza na saa. Itakubidi utoke nyumbani saa ngapi ili usichelewe kazini hata siku ambayo barabara imevurugika?

Tuchukue mfano. Siku nne za wiki unatumia saa moja na nusu. Siku ya tano lori limeharibika Gongo la Mboto, au mvua imenyesha, unatumia saa mbili na nusu. Ukitafuta wastani utapata saa moja na dakika 42, ambazo mtu anaweza kuzivumilia. Tatizo ni kwamba hujui siku ya tano itaangukia lini. Kwa hiyo utaamka kila siku kana kwamba ndiyo leo, na zile siku nne utafika mapema ukasubiri ofisi ifunguliwe. Kwa hesabu ya maisha yako, safari hiyo ni ya saa mbili na nusu.

Ndiyo maana mtaa wa mbali wenye usafiri wa uhakika unaweza kuwa bora kuliko wa karibu wenye usafiri wa kubahatisha. Mtu wa Kimara ana mwendokasi tangu 2016. Asubuhi anaweza kuyaacha mabasi kadhaa yapite yakiwa yamejaa, na akipanda atabanwa, lakini kwa sehemu kubwa basi lake lina njia yake, foleni ya magari madogo hailihusu. Mwenzake aliye karibu zaidi na mjini, anayeunga daladala mbili na bajaji, ana sehemu tatu za kukwama.

Hapo kwenye kuunga ndipo watu wengi hukosea hesabu. Kila ukiunga unasubiri upya, na katika fani yetu dakika moja ya kusubiri kituoni huhesabiwa takribani kama dakika mbili za kukaa ndani ya gari, kwa sababu ndivyo abiria wanavyoiona. Anayebisha asimame kituo chochote kikubwa jioni aangalie watu wanaogeuza nalo. Gari linakuja kushusha, na wewe unalidakia vituo kadhaa kabla ya mwisho wa ruti, unakwenda nalo kinyume na kwenu, kisha unageuza nalo ukiwa umeshakaa. Unalipa nauli mara mbili na unaongeza muda barabarani, yote kwa ajili ya siti. Mtu hafanyi hivyo kwa kupenda. Amechoka, na anajua kilicho mbele yake ni saa nzima ya kusimama na mkono juu. Kisha kuna konda anayekatisha ruti: gari limeandikwa Chanika, mnashushwa njiani, na nauli ya kipande kilichobaki unaitafuta mwenyewe.

Kipande cha mwisho, kutoka lami hadi mlangoni, ndicho dalali asichokisema. Atakupeleka kuona nyumba Jumapili saa nne asubuhi, barabara nyeupe haina foleni, na atakwambia ni dakika kumi tu kutoka kituoni. Kumi za bodaboda hizo, si za miguu. Piga hesabu. Tuseme chumba na sebule huko kinakupunguzia kodi kwa shilingi 80,000 kwa mwezi. Ukiongeza daladala moja ya shilingi 600 na bodaboda ya shilingi 1,000, kwenda na kurudi ni shilingi 3,200 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 83,200. Nafuu imeisha yote na bado hujaweka siku za mvua, bodaboda anapopandisha bei. Na kama safari imeongezeka saa mbili kwa siku, umetoa saa 52 kwa mwezi, zaidi ya siku sita za kazi ambazo hakuna anayekulipa.

Wachumi wawili wa Uswisi, Bruno Frey na Alois Stutzer, walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa takwimu za Wajerumani kuhusu jambo hili. Kinadharia, anayesafiri mbali anapaswa kuwa amefidiwa na mshahara au nyumba nzuri. Walikuta fidia haitoshi: waliosafiri muda mrefu hawakuridhika na maisha yao kama waliosafiri muda mfupi. Na hiyo ni Ujerumani, yenye usafiri wa umma wa kutegemewa kuliko wetu.

Angalia pia njia ya pili. Kigamboni una pantoni, na tangu 2016 una daraja. Kimoja kikisumbua, kingine kipo, ingawa kwa kuzunguka. Mtaa wenye barabara moja tu ya kutokea hauna msamaha. Nayo masika ina orodha yake: Mto Msimbazi ukifurika pale Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa, na wa Kimara na Mbezi wote hutafuta pa kupitia kwa pamoja.

Usihamie kwa ajili ya usafiri ulioahidiwa. Vituo vya mwendokasi vya Mbagala vilisimama muda mrefu bila mabasi kabla huduma haijaanza mwaka 2025, na waliopanga nyumba kwa kuvitegemea waliendelea na daladala. Hesabu kinachopita leo.

Kupima kwenyewe si kugumu. Kama una ndugu au rafiki upande huo, lala kwake Jumapili, Jumatatu alfajiri utoke naye. Andika nyakati nne: ulipofunga mlango, ulipofika kituoni, ulipoingia ndani ya gari, ulipofika kazini. Jioni fanya vilevile, maana kurudi mara nyingi ndiko kubaya zaidi. Epuka Juni na Desemba, shule zikiwa zimefungwa barabara hudanganya. Kama kuna mtoto atakayebaki shule ya zamani, safari yake ipime kivyake. Mtoto huyo konda anaweza kumwacha kituoni kwa sababu analipa nauli ya mwanafunzi, na hakuna hesabu ya wastani inayomsaidia mtoto aliyesimama gizani saa kumi na moja alfajiri.

La mwisho ni kodi. Wenye nyumba wengi wanataka miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na ukishalipa safari umeinunua pamoja na nyumba. Omba miezi mitatu, hata kwa kuongeza kidogo kila mwezi. Akikubali, jitahidi Aprili, mwezi wa masika, iwe ndani yake.