Anurizimu ya ubongo kwa mwenye aota iliyobana: kitibiwe kipi kwanza?

Aota ni mshipa mkubwa kuliko yote mwilini. Hutoka moyoni, hupinda kama mpini wa bakora, kisha hushuka kifuani hadi tumboni. Wapo wanaozaliwa nayo ikiwa imebana, kwa kawaida mbele kidogo ya pale unapochipuka mshipa wa mkono wa kushoto. Hiyo ndiyo koaktesheni ya aota. Presha hupanda mikononi na kichwani, miguuni ikawa ndogo.

Anurizimu nayo ni ukuta wa mshipa uliolegea ukatuna, kama tairi la baiskeli lililochakaa linavyotoa kinundu ubavuni. Kwa watu wazima wenye koaktesheni, takriban 1 kati ya 10 hukutwa nayo ubongoni. Kwa watu wengine ni kama 3 kati ya 100. Ikipasuka, kichwa huuma ghafla kuliko kilivyowahi kuuma maishani, na kila saa ina thamani.

Tiba kuu za anurizimu ni mbili: kufungua fuvu na kuibana shingo ya kinundu kwa klipu, au kukijaza koili, yaani nyaya laini za platinamu, kwa mrija unaoingizwa kwenye mshipa wa paja. Lakini mrija ukitokea pajani hauna budi kupita palepale palipobana, na pengine haupiti. Ndipo madaktari huingilia kwenye kiwiko au kifundo cha mkono, hasa mkono wa kulia, maana mshipa wake hutoka kabla ya mbano.

Anurizimu ikiwa imeshapasuka, ubongo hutangulia, kwani inaweza kuvuja tena. Isipopasuka, ndipo pagumu. Ukianza na aota, presha huweza kupanda mno siku za mwanzo baada ya upasuaji, tena mgonjwa huwa amepewa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Ukianza na ubongo, presha bado iko juu. Ukiishusha mno kwa dawa, figo na miguu hukosa damu. Ndiyo maana daktari wa moyo na wa ubongo lazima wakae meza moja kabla ya mtu kushika kisu.

Linaloniuma ni kijana wa miaka 20 anayepewa vidonge vya presha miaka nenda rudi bila kuguswa kinena. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, viwili kinenani, kwa wakati mmoja: pigo la chini likichelewa au likiwa hafifu, aota ipigwe picha.