Maduka ya vijijini na malipo ya simu: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mwenye duka kijijini anakataa malipo ya simu kwa sababu haelewi teknolojia.

Anaelewa vizuri, na anapiga hesabu. Ukimtumia shilingi 5,000, pesa inabaki kwenye simu, ilhali anayemletea soda na unga anataka taslimu. Itabidi aende kwa wakala, akatwe ada ya kutoa, na pengine aambiwe keshi imeisha. Faida ya kilo moja ya sukari haibebi makato hayo. Julai 2021, Tanzania ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, watu wengi walirudi kwenye noti, na Septemba mwaka huohuo serikali ikazipunguza kwa asilimia 30. Hakuna aliyekuwa amesahau kubonyeza! Kwa maoni yangu, anayetaka kuyasaidia maduka haya aanze na muuzaji wa jumla. Huyo akikubali kulipwa kwa simu, mwenye duka hana tena haja ya kutoa pesa ili anunue mzigo.

Dhana: Bila simu janja na bando huwezi kuanza.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 kwenye simu za kawaida kabisa. Hadi leo, Tanzania, ukipiga *150*00# kwa kitochi chenye laini ya Vodacom, menyu ya M-Pesa inafunguka bila intaneti.

Dhana: Meseji ya malipo ikiingia, mpe mteja mzigo wake.

Meseji inaweza kughushiwa. Matapeli huiga maneno ya mtandao neno kwa neno, kisha huja jioni duka likiwa limejaa, au mwenye duka anapokuwa amemwachia kijana wake. Angalia jina la mtumaji, halafu fungua menyu uhakikishe salio limeongezeka. Kijana wa dukani naye afundishwe hivyo, maana mara nyingi yeye ndiye anayetegewa.

Dhana: Semina moja na programu ya mahesabu vinatosha.

Duka la kijijini linaishi kwa daftari la madeni: “mafuta robo lita, mkate, atalipa Jumamosi.” Programu isiyo na mahali pa kuandika hivyo itafutwa wiki hiyohiyo. Anayefundisha akae kwanza nyuma ya kaunta aone daftari linavyojazwa. Na kabla ya programu yoyote, amsaidie mwenye duka kutenganisha laini ya duka na laini ya nyumbani. Ada ya shule ikitoka kwenye laini moja na pesa ya mzigo, mtaji unaliwa na mwenyewe asijue ulipokwenda.