Mkanda wa jeshi hauzunguki mwili

"Vimebaki vidole vinne, daktari." Binti amempima babake kila asubuhi kwa siku nne, kutoka kipele cha mwisho hadi kitovuni. Mzee kakunja shati, haongei.

Kwamba mkanda wa jeshi, ugonjwa huu wa vipele vyenye maumivu vinavyopanga mstari upande mmoja wa mwili, ukizunguka kiuno na ncha zikakutana mtu anakufa, nimeisikia mpaka nimechoka. Kukutana kwenyewe ni nadra mno. Neva (mishipa ya fahamu) za uti wa mgongo ni jozi 31, na karibu kila moja ina mzizi wa nyuma unaopeleka hisia tu. Kwenye mzizi huo kuna kifundo cha seli za neva, na humo ndimo kirusi cha tetekuwanga hulala tangu utotoni, hata miaka 50. Kinga ikilegea, huamka, kwa kawaida katika kifundo kimoja tu, kikashuka na nyuzi za neva hiyo hadi kwenye kipande chake cha ngozi. Neva ya kulia inahudumia kulia, na hukomea katikati ya tumbo. Mstari wa mzee, kutoka mgongoni hadi usawa wa kitovu, ni neva ya kumi ya kifua. Ramani hiyo ya ngozi si ngeni: daktari Henry Head na mwenzake Campbell waliichora Uingereza mwaka 1900, baada ya kuchunguza vifundo vya maiti waliowahi kuugua mkanda.

Kwa mtu ambaye kinga imeanguka kabisa, vipele vinaweza kutapakaa mwili mzima. Hapo hatari ni virusi kufika mapafuni au kwenye ubongo. Ncha hazihusiki.

Kilichoniudhi ni zile siku nne. Asaiklovia, dawa ya kupambana na kirusi hiki, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Mzee nilimpa hata hivyo, maana malengelenge mapya yalikuwa bado yanatoka.

"Basi ana ukimwi." Pimeni, ndiyo, VVU huongeza uwezekano. Lakini umri peke yake unatosha, hasa baada ya miaka 50.

"Ataambukiza nyumba nzima mkanda." Hapana. Maji ya malengelenge yanaweza kumpa tetekuwanga ambaye hajawahi kuugua. Funika kidonda, mjamzito akae mbali.

Kupaka majivu na dawa ya meno: acheni, nawaomba.

Na maumivu yanayobaki miezi kadhaa baada ya ngozi kupona hayajatumwa na jirani. Neva imeumia. Panadol mara nyingi haiyawezi. Tunatumia dawa za maumivu ya neva, amitriptilini au gabapentini. Mzee akishtuka shati linapomgusa ubavu uliokwishapona, mwaminini.